Visima vya Bondeni

Fundi cherehani alishona karibu na dirisha ili apate mwanga. Siku hizo alishona huku amekunja miguu, kwa kuwa chini ya meza yake walilala pacha wawili wa wifi yake. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili tu. Asubuhi magodoro yalisimamishwa ukutani, jioni yakalazwa tena. Mumewe, seremala, aliingia ndani kwa kuruka ndoo na masufuria, akasema siku hizi hahitaji mazoezi mengine.

Wifi huyo, dada yake seremala, aliitwa Mama Pacha. Alikuwa mkulima wa bondeni. Mvua kubwa ilinyesha, mto ukaacha njia yake na kupita katikati ya vijiji. Mazao yalikwenda na maji. Daraja likakatika. Mumewe alibaki huko akichota matope ndani ya nyumba, naye akaja mjini na watoto kwa kaka yake.

Serikali haikuwatupa. Ilileta unga, blanketi na mahema kwa malori hadi ukingo wa mto, watu wakavivusha kwa mitumbwi na kushukuru. Kisha malori yakaacha kuja. Redioni wakasema maji yamepungua na hali ni shwari. Mama Pacha aliposikia hivyo alifunga mizigo. Fundi alimsihi abaki, lakini alikataa. Alisema mgeni ni mgeni hata akiwa ndugu.

Haukupita muda mrefu akarudi. Pacha mmoja alikuwa mgongoni, macho yameingia ndani, anaharisha na hana nguvu ya kulia.

Jirani yao wa mlango wa pili alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa. Alifika mara moja. Alimchanganyia mtoto dawa ya kurudisha maji mwilini, akamnywesha kidogo kidogo kwa kijiko, kisha akawasindikiza zahanati. Mtoto alipopata nafuu, mhudumu aliuliza huko bondeni wanakunywa maji gani. Mama Pacha akamwambia ni ya kisima kilekile cha zamani, na kwamba sasa yanaonekana safi.

Mhudumu alivuta kigoda, akawaeleza. Mafuriko hubeba uchafu wa vyoo na mizoga hadi visimani. Matope yakitulia, maji hung'aa, lakini vijidudu vimo. Kwa sasa wayachemshe mpaka yatokote, wayaweke kwenye chombo safi chenye mfuniko. Lakini kisima chenyewe ni lazima kivutwe maji yote, kisafishwe, kitiwe dawa na kupimwa na mtaalamu. Hiyo ni kazi ya mashine na mafundi wa maji. Jembe na ndoo haviiwezi.

"Basi waiambie serikali," alisema fundi.

Mama Pacha aliinamisha kichwa. "Serikali imeshatupa msaada, wifi. Tukiomba tena tutaonekana hatuna shukrani."

"Dada yangu," alisema mhudumu, "daktari akikuchoma sindano, unamshukuru. Ukiwa bado unaumwa, unamwambia. Mficha uchi hazai. Fedha za msaada zinatokana na kodi, na kodi unalipa hata ukinunua sabuni. Shukrani na kudai haki vinakaa mdomo mmoja."

Akamwonyesha njia. Watu wakae pamoja, wakubaliane wanachohitaji kwanza. Wamwombe diwani amlete ofisa wa maafa bondeni kwenyewe, aone kwa macho yake. Wamwalike na mtangazaji wa redio. Wasitukane mtu, na wasimwache ofisa aondoke bila kutaja siku ya jibu.

Mtoto alipopata nguvu, Mama Pacha alirudi kwao. Mwanamke ambaye zamani hakuwa akisema neno kanisani wala sokoni alipita hema kwa hema. Watu walibishana. Huyu alitaka mabati, yule mbegu, mwingine ng'ombe. Hakumkatalia yeyote. Aliwauliza tu ni kitu gani kikikosekana kitawazika mapema. Wakajibu: maji. Mzee mmoja akaongeza kwamba mashine za visima hazitafika bila daraja. Wakakubaliana: daraja, visima, kisha mbegu.

Ofisa wa maafa alikuja pamoja na diwani. Alisema taarifa aliyopewa inaonyesha visima vinatumika. Mama Pacha alisimama. Alishika ncha ya nguo yake.

"Tunashukuru kwa unga," alisema. "Umewalisha wanangu. Lakini tunaupika kwa maji hayo, na mmoja wao nusura nimzike. Visima vinatumika kwa sababu hatuna vingine. Tunaomba daraja, mashine za visima, na mbegu kabla ya mvua. Tena tunaomba utuambie hapa hapa, jibu tutalipata lini."

Ofisa akaomba apelekwe visimani. Walikwenda wote, yeye na viatu vyake vya ngozi ndani ya matope. Aliinama juu ya kisima, akanusa, akajitenga. Hakutetea taarifa yake tena. Alitaja siku ya jibu, na redio ikaitangaza.

Siku hiyo ilifika, jibu halikufika. Wapo waliotaka kurusha mawe. Mama Pacha aliwatuliza. Walipanda mjini kwa miguu, wakaketi kwenye ngazi za ofisi ya serikali, wakarudia maneno yaleyale kwa kila aliyepita. Fundi alifunga cherehani yake, akaenda kuketi nao. Kabla ofisi haijafungwa waliitwa ndani, wakaambiwa msaada utaongezwa.

Daraja la chuma liliwekwa. Mashine zilipita, visima vikasafishwa, vikatiwa dawa na kupimwa. Mbegu zilichelewa, na baadhi ya mashamba yalikosa msimu. Nyumba nyingi bado zinasubiri mabati, na wenyewe bado wanayadai. Lakini kuharisha kumekwisha, na pacha wote wawili wanakimbizana uani.

Mwaka uliofuata upepo mkali uling'oa mapaa ya vijiji vya ng'ambo. Mama Pacha alisikia habari, akawaacha watoto na baba yao, akaenda. Wanawake wa huko walimuuliza ametumwa na ofisi gani.

"Hakuna aliyenituma," aliwaambia. "Daraja lipo, nimepita. Haya, tukae."