Miguu Isipishane

Kila Jumamosi, Jerusha aliamka mapema, akaosha vyombo, akawatupia kuku chakula, kisha akakimbilia nyumba ya zamani ya sala nyuma ya kanisa. Binamu yake mkubwa, Renita, alikuwa ameigeuza kuwa studio. Renita alitengeneza filamu za hali halisi bila kampuni wala bosi, kwa hiyo kila mtoto aliyepita karibu alipewa kazi.

Safari hii kazi ilikuwa kubwa. Wazee wa kijiji chao, pwani ya Georgia, Marekani, walikuwa bado wakiimba na kuzunguka kwa mduara kama mababu zao walivyosali enzi za utumwa. Renita alitaka mgeni aingie kwenye chumba chenye giza, asimame katikati, na vivuli vya waimbaji vimzunguke ukutani, vikienda kadiri yeye anavyokwenda. Sauti za wazee zilikwisha kurekodiwa. Ilibaki miguu. Jerusha angevaa nguo yenye vitone vinavyosomwa na kompyuta, na hatua zake ndizo zingekuwa hatua za vivuli vyote.

"Lakini kwanza ukafundishwe na Bibi Orlean," Renita alimwambia. "Kila jioni, mwezi mzima. Yeye ndiye anayeongoza mduara."

Jerusha alikwenda jioni moja tu. Bibi Orlean, dada wa bibi yake mzaa mama, alimwambia aburute nyayo kutoka mlangoni hadi kwenye jiko na kurudi, basi. Hakuna wimbo, hakuna makofi. Jerusha alichoka mapema. Kesho yake alisingizia mtihani, na jioni zilizofuata alikuwa kwenye uwanja wa mpira wa kikapu na rafiki yake Marquell.

"Bibi anasemaje? Umeiva?" Renita aliuliza siku ya kurekodi.

"Nimeiva, dada," alijibu bila kupepesa macho. Akavaa nguo ya vitone, akazunguka kwa madaha aliyojitungia mwenyewe.

Wiki mbili kabla ya mkesha wa mwaka mpya, siku ambayo kazi ingefunguliwa, wazee waliitwa kuitazama. Vivuli vilipoanza kuzunguka, Bibi Orlean aligonga sakafu kwa fimbo yake.

"Zima! Hao wanacheza dansi!"

Renita alisimamisha picha. "Kivipi, Bibi?"

"Tazama miguu. Mguu mmoja unapita mbele ya mwingine. Mama zetu walikuwa wanasali, na kanisani dansi ni dhambi. Ndiyo maana waliburuta nyayo, wala hawakupishanisha miguu hata mara moja, mtu asije akasema wanacheza. Leo mimi nimsimamishe mama yangu ukutani, acheze dansi ndani ya nyumba ya sala? Toeni sauti zetu."

Wazee wengine waliitikia kwa vichwa na kuanza kuchukua kofia zao. Bila sauti zile hakukuwa na filamu, na kila aliyekuwa chumbani alilijua hilo.

"Kosa ni langu, Bibi," Renita alisema kwa sauti ya chini. "Sikuangalia vizuri."

Jerusha alitamani ardhi ipasuke immeze. Kumwona Renita akibeba lawama isiyo yake kulimuuma kuliko aibu yenyewe. Akasimama.

"Si yeye. Ni mimi. Nilimdanganya kwamba nimejifunza. Bibi, nilikuja kwako siku moja tu na hata ule mtihani haukuwepo." Machozi yalimlengalenga, lakini hakukaa. "Nipe nafasi nyingine. Nikishindwa, toeni sauti zenu."

Bibi Orlean aliishusha fimbo yake. "Kesho, ukitoka shule. Uje na soksi nene."

Basi ikawa kazi. Bibi alichora mstari wa chaki sakafuni. Mguu wa kushoto ubaki kushoto kwake, wa kulia ubaki kulia. Jerusha aliburuta mpaka soksi zikatoboka na mashavu ya miguu yakamwaka moto. Alipokosea alirudi mlangoni bila kuambiwa. Marquell alichungulia dirishani akicheka.

"Wewe, siku hizi unapiga deki kwa soksi?"

"Napiga. Kama una zako chafu, zilete!" alijibu bila kusimama.

Siku Bibi Orlean alipofuta chaki, na miguu ikaendelea kwenda sawasawa bila mstari, walirudi kwa Renita na kurekodi upya. Jerusha alikuwa na wazo. "Dada, mgeni akipishanisha miguu, wimbo wote ukatike. Hapo atajua, kama nilivyojua mimi."

Renita alikesha na kompyuta yake siku kadhaa, lakini ikawezekana.

Siku ya ufunguzi Marquell alijitosa wa kwanza, mabega juu. Hatua ya tatu tu, miguu ikapishana. Wimbo ukakatika, vivuli vikasimama, na sauti ya Bibi Orlean iliyorekodiwa ikasikika ukutani: "Miguu, mwanangu!" Watu walicheka hadi wakashika mbavu.

Kisha Bibi mwenyewe akaingia. Aliburuta nyayo taratibu, na vivuli vikamzunguka vikiimba. Akanyoosha kidole kuelekea kimojawapo.

"Huyu anakwenda kama mama," alisema.

Wimbo ulipokwisha alimwita Jerusha na kumshika bega.

"Uliponidanganya mimi, nilikuwepo, nikasema 'zima!' Lakini hawa wa ukutani hawapo. Ukiwasingizia, hawana mdomo wa kusema 'sivyo.' Ndiyo maana anayesimulia habari zao hana ruhusa ya kubabaisha. Ni lazima ajifunze kwanza, hata kama inachosha."

"Nimeelewa, Bibi."

"Basi vua viatu. Mduara una nafasi yako."