Saa Nne ya Mashine

Likizo ilipoanza, kila asubuhi Kokuberwa, au Koku kwa ufupi, alideki sebule ya nyumba yao ya Gongo la Mboto, kisha akakaa karibu na mashine ya kompyuta ya Jovina, mama yake mdogo. Mashine ilikuwa na diski nne, na Jovina aliandika programu ya kuziendesha pamoja kama diski moja. Humo ndimo zilimokuwa nyimbo za kwaya alizoimba mama yake Koku, aliyefariki mwaka juzi. Juma lile nyimbo ziligoma kufunguka.

Jovina alipoondoka kwenda kazini saa tisa usiku alimwagiza Koku aandike saa ambayo taa nyekundu ya hitilafu ingewaka, kwa kufuata saa ya mashine, inayohesabu tangu usiku wa manane.

Mashine ilinguruma taratibu. Koku akamwona mama yake katika kitenge cha kwaya, midomo ikicheza bila sauti. Aliposhtuka, taa ilikuwa nyekundu. Akaandika: saa nne.

"Saa nne ya mashine?" Jovina aliuliza jioni.

"Ndiyo, mama mdogo." Jovina akamsifu kwa kuwa makini.

Binamu yake Audax akacheka. "Leo Bi Ndoto kaamka."

Baadaye Koku alikumbuka kwamba ilikuwa saa ya chai. Saa nne asubuhi. Kwa mashine, saa kumi. Lakini alikwisha kusifiwa, akanyamaza.

Siku mbili Jovina alipekua kumbukumbu za mashine za saa nne, yaani saa kumi yetu ya alfajiri, asione kitu. Ijumaa akasema amechoka, kesho atafuta diski zote aanze upya. Nyimbo hazikuwa na nakala nyingine.

Koku akasogea mbele ya mashine. "Mama mdogo, niliandika saa nne yetu. Nilijua tangu juzi."

Jovina alifungua kumbukumbu za saa kumi ya mashine, akasoma mstari baada ya mstari. Programu ilikuwa ikijibu "tayari" kabla diski ya nne haijamaliza kuandika. Akairekebisha ingoje. Vipande vilivyokosekana vikajengwa upya kutoka diski tatu nyingine, na sauti ya mama ikajaa sebuleni. Audax alikaa chini, asitanie tena.

Wimbo ulipokwisha, Jovina alimvuta Koku karibu.

"Diski kuchelewa si kosa, mwanangu. Kosa ni kusema tayari wakati bado. Siku nyingine ukiwa huna uhakika, niambie hujui. Mimi nitangoja."