Ukurasa wa Sita

Asubuhi ya kwanza ya mafunzo ya kiangazi, ukumbi wa chuo kile cha sanaa, juu ya kilima mjini Cincinnati, ulifurika vijana sitini, kila mmoja na faili lake la nyimbo kifuani, kila mmoja akipasha sauti kwa namna yake. Ungedhani mzinga wa nyuki umepigwa teke. Katikati ya vurumai hiyo, mwanamke mmoja aliyevaa gauni la kitani la rangi ya haradali, nywele zake nyekundu zimeshikizwa kisogoni kwa penseli, alitandaza karatasi mbele ya mpiga piano na kumlizia vidole puani: ta, ta, ta.

Mpiga piano akafunika piano yake.

"Bibie," alisema taratibu, "kwetu vidole namna hiyo huitiwa mbwa."

Uso wa mwanamke ukaiva. "Niwie radhi. Jambo hilo hilo nimewakanya watoto hawa asubuhi hii yote."

"Kumbe wewe ndiye mwalimu wao."

"Kwa bahati yao mbaya. Corinne Haverkamp."

"Desmond Tillery. Kasi ya wimbo huonyeshwa hivi." Akajigonga kifuani kwa vidole viwili, kama mgeni mwenye adabu abishapo hodi. Corinne akamwiga, akijigonga kifuani pake, na Desmond akasahau ni wimbo gani walioutaka.

Hayo yalikuwa Julai ya mwaka juzi. Tangu hapo waliteremka kilima pamoja kila jioni kwenda kula tambi zilizomwagiwa nyama ya viungo na kufunikwa kwa rundo la jibini, naye Corinne hakuchoka kumtania kwa tai yake nyeusi. "Joto hili, laazizi, hata sanamu ya bustanini ingevua tai." Desmond hakuivua. Jumapili alipiga kinanda kanisani, na Corinne aliketi safu ya pili, kando ya Bi Loretta, mama yake Desmond.

Kiangazi cha tatu kilipofikia wiki yake ya mwisho, Desmond aliitwa kuongoza wanamuziki wa mchezo mkubwa wa jukwaani uliokuwa ukizunguka nchi. Angekuwa safarini mwaka mzima. Jibu lilitakiwa Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Alipomweleza Corinne, mwanamke huyo alitazama pembeni, akasema, "Amua uonavyo. Sitaki kuwa kamba mguuni mwako."

Desmond alikuwa mtu wa vidole vyepesi na ulimi mzito. Jumatatu alimkabidhi Corinne wimbo mpya wa kumfundishia Junie, msichana wa miaka kumi na saba ambaye walimtumainia kuliko wenzake. Wimbo ulikuwa na kurasa sita, na chini ya noti za mwisho za ukurasa wa sita alikuwa ameandika kwa penseli: *Corinne, sitaki kwenda popote pasipo wewe. Kubali kuwa mke wangu, na Ijumaa nitawaambia hapana.*

Jumanne Corinne aliingia darasani akichangamka. "Wimbo nimeusoma. Ni mzuri, unamfaa Junie hasa."

Desmond akangoja. Corinne akachomoa penseli nywelini, akatia alama mbili kwenye ukurasa wa tatu. Wasaili wa vyuo, ambao mafunzo haya huwaandaa vijana kuimba mbele yao, humsikiliza kijana kwa dakika moja, hawazidishi. Kwa hiyo kila wimbo hukatwa, kuanzia hapa hadi pale, na kilichobaki hutiwa katika mtoto wa meza. "Tuanzie hapa," akasema, na siku ikapita.

Jumatano ikapita pia. Alhamisi Desmond alipiga kama karani apigaye chapa, hata Junie akamuuliza kama ni mgonjwa. Corinne alimtazama mara mbili, akarudia noti zake. Naye alikuwa akingoja neno, na kila saa iliyopita kimya aliihesabu kuwa ni kwaheri.

Jioni hiyo simu ya Desmond ililia.

"Mwanangu, amejibu?" aliuliza Bi Loretta.

"Amesoma, Mama. Hakusema kitu."

"Amesoma? Ina maana hukumwambia kwa kinywa?"

"Nilimwandikia."

"Marehemu baba yako aliniposa jikoni, mikono yangu imejaa unga, na sauti yake ikitetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Lakini alisema. Wewe umemwandikia wapi?"

"Kwenye wimbo, Mama."

"Basi na ukuoe huo wimbo," Bi Loretta akasema, akakata simu.

Ijumaa, saa kumi, Junie alisimama kando ya piano, machozi yakimlengalenga. "Mwalimu, kipande hiki nimekiimba mara mia, na bado simjui huyu dada ninayemwimba. Simjui alikotoka wala anakoishia. Niruhusu niuimbe wimbo wote, japo mara moja."

"Haki yako," Corinne akasema. Akafungua mtoto wa meza, akatoa karatasi zilizobaki, akaja kusimama begani kwa Desmond ili amgeuzie kurasa.

Desmond alizitazama karatasi zile. Tatu za mwisho zilikuwa na pembe zilizonyooka, na pini aliyozibana nayo mwenyewe Jumatatu ingali mahali pake. Hazijafunuliwa hata mara moja. Kumbe Corinne hakuyaona maneno yake; lakini Junie alikwisha kujigonga kifuani, na mpiga piano mwenye adabu hamwachi mwimbaji njiani. Akapiga. Ukurasa wa kwanza, wa pili. Sauti ya msichana ikapanda, ikapata mwili. Wa tano.

Mkono wa Corinne ukageuza wa sita, ukabaki hapo hapo juu ya karatasi.

Desmond hakuthubutu kuinua macho. Alisikia pumzi ya Corinne ikisita, kisha akasikia penseli ikichomolewa nywelini, na nywele nyekundu zikamwagika hadi kwenye bega lake. Mkono ule ukaandika kitu chini ya mwandiko wake, pole pole, huku noti za mwisho zikizimika.

"Anabaki," Junie alinong'ona, akipangusa mashavu. "Huyu dada anabaki. Sasa najua."

Desmond akasoma: *Ndiyo. Tena ndiyo.*

"Bwana Tillery," Corinne akasema, "miaka kumi katika kazi hii, na hujui kwamba hakuna mtu afikaye ukurasa wa sita?"

"Ulisema umeusoma."

"Dakika moja yake, mpenzi. Mimi ni mwalimu wa usaili." Akacheka na kulia kwa pamoja. "Nilidhani umekwisha kufunga masanduku."

Desmond akasimama, akanyoosha tai yake, kwani jambo hili lilistahili kusemwa na mtu aliyesimama. "Corinne, utakuwa mke wangu?"

"Nimekwisha kuandika."

"Mama anataka kwa kinywa."

"Nitakuwa," akasema Corinne, waziwazi, mbele ya shahidi wa miaka kumi na saba aliyekuwa ameziba mdomo kwa faili lake.

Saa kumi na nusu Desmond alitoka kwenda barazani, simu sikioni, kuwaambia hapana. Alirudi upesi, akaketi, akaweka vidole tayari. Corinne alikuwa ameinamia ukurasa wa tatu, akizifuta alama zake mbili kwa kifutio.

"Na dakika moja ya wasaili?" Junie akauliza.

"Hiyo tutaitafuta kesho," Corinne akasema. "Leo imba tena wote." Akajigonga kifuani kwa vidole viwili, polepole, na Desmond akaanza.