Mistari ya Bi Harcombe

Kila Jumamosi, akishamaliza chai na mkate wa siagi, Winifred Tapley alifunga aproni na kushuka kwenye karakana ya baba yake, mpiga chapa wa London. Mashine ilitoa mistari ya maneno iliyotengenezwa kwa madini ya risasi, kila mstari kipande kimoja, naye aliipanga kwenye trei. Alikuwa na miaka kumi na miwili na mikono myepesi. Ulimi wake nao haukuwa nyuma.

Siku hiyo walikuwa na shairi la Bi Harcombe, mmoja wa waandishi wapya waliozuka baada ya vita. Halikuwa na vina wala mizani. Ndani yake mama mmoja alikuwa akifua shati, mara akakumbuka mtoto akijifunza kutembea, mara akarudi kwenye sabuni.

"Baba, huyu mama ana homa?"

"Wewe panga. Maneno baadaye," baba alijibu, akatoka kwenda kununua wino.

Winifred alipoinua trei, ilimponyoka. Mistari ikatawanyika sakafuni. Angeweza kuipanga upya kwa kufuata karatasi ya mwandishi, lakini baba angerudi na kumkuta bado ameinama pale. Akaiokota, akairudisha ovyo ovyo. "Nani atajua? Shairi lenyewe vurugu tupu," alijiambia.

Mchana baba alichapa karatasi ya majaribio, na Bi Harcombe akaja kuikagua. Alisoma, akarudia, kisha akaketi kwenye kiti bila kukaribishwa.

"Usilichape, Bwana Tapley," alisema. "Magazetini walinicheka, nikasema hawajui kusoma. Leo nimelisoma mwenyewe nami silielewi. Nimelibadilisha mara nyingi mno, nadhani nimelipoteza. Lile shati lilikuwa la Hugh wangu. Hakurudi kutoka vitani."

Bi Harcombe alianza kuvaa glavu zake. Winifred alijua mama huyu akitoka tu, shairi limekwisha.

"Si wewe, Bi Harcombe," alisema kwa sauti ndogo. "Ni mimi. Niliangusha trei, nikarudisha mistari ovyo. Nilidhani hakuna atakayejua."

Baba aliivuta trei. "Lete karatasi ya Bi Harcombe," alisema.

Bi Harcombe alisoma mstari mmoja mmoja, Winifred akipanga. Walifika pale katika shairi mlango unapobishwa hodi. Mama anajua ni habari gani imekuja, kwa hiyo haendi kufungua. Anaendelea kusugua shati ambalo limekwisha takata. Winifred aliweka mstari huo mahali pake, akalia.

"Sasa chapa, Bwana Tapley," alisema Bi Harcombe, akampangusa binti machozi kwa leso yake.

Mgeni alipoondoka, baba alivuta kiti karibu.

"Kuangusha trei si kosa, hata mimi nimeangusha," alisema. "Kosa ni kunyamaza. Na jambo likikupita akili, usiseme halina maana. Ulichokiita vurugu, mwanangu, kilikuwa msiba wa mtu."