Kichaka Alichokifyeka Baba Pacha

Mama Pacha alikuwa uani, akianika iliki juu ya jamvi. Shamba lao lilikuwa ndani ya msitu, juu mlimani, maana iliki hupenda kivuli. Kila msimu mumewe alifyeka vichaka chini ya miti mikubwa, akapanda. Miti yenyewe hakuigusa, na alijivunia hilo mbele ya kila mtu.

Siku hiyo Baba Pacha alirudi mapema, akaomba chai. Kabla hajamaliza kikombe, mdogo wake akaingia. Huyu alikuwa mlinzi wa msitu. Watu walimwita Buti, kwa kuwa buti zake zilisikika kabla yeye hajaonekana.

"Shemeji, hii chai umeinusa kutoka wapi?" Mama Pacha alimtania.

"Pua yangu nzima," alijibu Buti, lakini hakucheka. "Nauliza, yule mchakura mmemsikia karibuni?"

Mchakura ni ndege mdogo wa kahawia. Hutembea chini, akichakura majani makavu kutafuta wadudu. Hata wenyeji wengi hawamjui.

"Zamani alikuwa akinitangulia njiani," alisema Mama Pacha. "Siku hizi simsikii. Si amehamia kwingine?"

"Kwingine wapi, shemeji? Wataalamu wamemtafuta milima yote ya jirani. Duniani kote yuko hapa tu. Mahali palipo wazi hapiti, anaogopa. Juu ni mawe na baridi, chini ni mashamba. Wamemweka katika kundi la ndege walio karibu kabisa kutoweka. Akiisha hapa, basi tena."

"Usinitazame mimi," alisema Baba Pacha. "Sijakata mti hata mmoja."

"Kaka, nikikuachia paa, nikabomoa kuta na kung'oa sakafu, utalala wapi? Ndege huyu haishi juu mitini. Anataga vichakani, usawa wa goti, humo humo mnamopitisha panga. Afadhali lile korongo la kijito limebaki. Juzi nimewasikia wawili."

Baba Pacha aliweka kikombe chini.

"Korongo nimelifyeka leo," alisema.

Walipanda wote watatu. Korongoni kulikuwa kweupe. Buti alipekua, mpaka akainua tawi moja lililokatwa. Chini yake palikuwa na kiota, kimelala ubavu. Makinda wawili walikuwa wamekufa, na siafu walishafika.

Pembeni, juu ya kisiki cha kichaka, mama yao alisimama na mdudu mdomoni. Aliruka, akarudi, akaruka tena. Alikuwa akitafuta mtoto wa kumlisha. Mama Pacha alishindwa kutazama. Alikuwa amelea pacha, aliijua kazi ya kulisha midomo miwili. Alimwonea hasira mumewe, na nafsi yake pia.

"Sikujua," alisema Baba Pacha.

"Najua hukujua, kaka. Lakini maji yakimwagika hayazoleki."

"Basi sasa tufanye nini?" aliuliza Mama Pacha.

"Msifyeke tena huku. Vichaka vikiachwa huota vyenyewe. Iliki hamishieni karibu na nyumba, mpande na miti ya kivuli. Miche ya miti nitawaletea."

Haikuwa rahisi hata kidogo. Miti ya kivuli ilichelewa kukua, mavuno yakapungua, wakakaza mkanda. Majirani waliwacheka, eti wanawapenda ndege kuliko watoto wao. Baba Pacha alinuna, lakini panga lake halikuingia korongoni. Baadaye jirani mmoja aliufuata mfano wake. Wengine wanafyeka mpaka leo.

Vichaka vilifungana tena. Mvua zikaja, korongo likawa kimya. Mvua nyingine zikaja, kimya vile vile. Mama Pacha alikata tamaa.

Halafu asubuhi moja, wakishusha mzigo wa mwisho wa miche ya iliki kutoka msituni, Buti aliwasimamisha njiani. Aliwaonyesha kiota kando ya njia, chini kabisa. Kinda mmoja alikuwa ameachama.

"Wamebaki wachache sana," alinong'ona. "Huenda hawatoshi kuendeleza kizazi."

Njia ya nyumbani ilipita pale pale. Baba Pacha aliuinua mzigo wake, akageuka, akaanza kupanda njia ndefu ya kuzunguka mlima. Mkewe akamfuata.