Soda za Kumwona Mgonjwa

Kila asubuhi, kabla ukungu haujaondoka migombani, Atupele aliwasha moto, akachemsha maji, akayaacha yapoe mpaka yawe vuguvugu, kisha akaosha mguu wa bibi yake. Kazi hiyo aliachiwa na mama yake, Jenifer, ambaye alfajiri alikuwa ameshapakia mikungu yake ya ndizi kwenda kuuza Kiwira. Ilikuwa likizo ya Juni, na baridi ya kijiji chao cha Ikuti ilikuwa ile ambayo mtu akiongea anatoa moshi mdomoni.

Bibi Tulia alikuwa na ugonjwa wa kisukari. Miezi michache iliyopita alijikwaa kwenye jiwe shambani, kidole gumba cha mguu wa kulia kikachubuka. Kidonda kilikuwa kidogo tu, lakini kiligoma kupona.

"Polepole, mama," Bibi alimwambia. Alimwita mjukuu wake "mama" kwa sababu Atupele alirithi jina la mama mzazi wa Bibi.

"Nimekuumiza, Bibi?"

"Aa, sisikii kitu. Ndiyo maana nasema polepole. Ungeniumiza nisingejua."

Atupele ndiye aliyekuwa akimsindikiza Bibi kliniki, katika hospitali ya misheni kule Igogwe. Hakwenda kumshika mkono tu. Daktari Charles, aliyewatibu wagonjwa wa kisukari, alitokea Musoma, na Kinyakyusa chake kiliishia kwenye salamu. Bibi naye alijua Kiswahili cha kanisani na cha sokoni, lakini daktari alipoanza kueleza habari za dawa na chakula, maneno yalimpita. Kwa hiyo Atupele alikaa katikati yao. Daktari akisema kwa Kiswahili, yeye anamwambia Bibi kwa Kinyakyusa. Bibi akijibu, yeye anamrudishia daktari. Alikuwa na miaka kumi na miwili tu, na wagonjwa wengine walimsifu pale kwenye benchi.

Siku ya kliniki iliyopita, wakiwa wanatoka, nesi alimwita kando. "Na soda asiguse kabisa, sawa?" Atupele aliitikia. Hakumwambia Bibi, kwa sababu nyumbani kwao soda haikuwapo, wala hakuona sababu.

Soda ikaja baadaye, na ilikuja na muziki.

Wiki ya kwanza ya likizo gari la matangazo lilipita barabarani likipiga kelele: "Kunywa Kito, fungua kizibo, pakua wimbo bure!" Kito ilikuwa soda mpya. Ndani ya kila kizibo paliandikwa namba. Ukiituma kwa simu, unaruhusiwa kupakua wimbo mmoja wowote unaoutaka, bila kulipa hata senti.

Ikuti nzima watoto wakaanza kuinama chini kutafuta vizibo. Lakini vizibo vya kuokota vilikuwa vimeshatumika. Tumpe, aliyesoma darasa moja na Atupele, alikuwa na vipya, maana shangazi yake alikuwa na duka Tukuyu mjini. Wasichana wa darasa la sita walikuwa wakifanya mazoezi ya kucheza kwenye mahafali ya darasa la saba, na Tumpe ndiye aliyekuwa kiongozi.

"Wimbo mmoja hautoshi," Tumpe alisema. "Mwenye kuleta nyimbo ndiye atakayesimama mbele na mimi. Wengine nyuma."

"Nami nitaleta," Atupele alisema.

"Wewe? Utapata wapi soda, wewe? Kwenye mgomba?"

Wasichana walicheka. Atupele alicheka nao, lakini njiani akirudi nyumbani aligeuza kila kizibo alichokiona chini.

Njiani huko akakutana na Mama Lukasi, kiongozi wa akina mama wa kanisani kwao. Mama Lukasi alisimama akamsalimia, akamuuliza hali ya mgonjwa.

"Jumamosi tunakuja kumwona. Hebu niambie, siku hizi anapenda nini?"

Jibu lilimtoka Atupele kabla hajalifikiria. "Soda. Soda ya Kito."

"Kito hasa?"

"Ndiyo, mama. Hiyo ndiyo anayoipenda."

"Haya, vizuri umenitonya. Nitawaambia wenzangu."

Jumamosi akina mama walifika wamejifunga vitenge. Waliimba, wakaomba, wakapanga chupa za Kito juu ya kigoda. Mama Lukasi akafungua moja kwa mkono wake mwenyewe. Atupele akakidaka kizibo kabla hakijafika chini.

"Kunywa, mama, upate damu," Mama Lukasi alisema.

Bibi Tulia aliishika chupa bila kuinywa. Akamgeukia mjukuu wake, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Hii daktari hakuikataza?"

Atupele aliyakumbuka maneno ya nesi, yote. Kizibo kilikuwa kiganjani mwake, bado kina unyevu.

"Alikataza sukari ya kwenye chai, Bibi," akasema.

Bibi hakuwa mtu wa kumrudisha mgeni na zawadi yake. Kwao zawadi ya mgonjwa inaonjwa mbele ya aliyeileta, ili aondoke akiwa na amani. "Ndaga fijo," akashukuru, akanywa mpaka nusu. Akina mama wakafurahi kumwona anakunywa.

Habari zikaenea. Waliokuja siku zilizofuata nao walileta Kito. Bibi alionja ya kila mmoja, na zilizobaki alizinywa kidogo kidogo ili zisiharibike, kwa kuwa zilinunuliwa kwa jasho la watu. Jenifer alikuwa akirudi jioni amechoka, na Atupele alikuwa ameshazificha chupa nyuma ya banda la kuku.

Nyimbo aliziweka kwenye simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, ambayo mjomba wake Godwin aliiacha nyumbani ili aweze kupiga na kuuliza hali ya mgonjwa. Kwenye mazoezi Tumpe alipozisikia alimshika bega. "Kumbe una mambo! Njoo mbele huku." Atupele akasimama mbele.

Lakini kila asubuhi alipouosha mguu kwa maji ya vuguvugu, aliona. Ngozi ya kidole ilikuwa nyeusi. Kidonda kilikuwa kinanuka. Bibi alikuwa na kiu isiyokwisha, na mchana alisinzia akiwa ameshika maharage ya kuchambua. Atupele alijiambia kuwa ni baridi.

Siku ya kliniki ikafika. Daktari Charles alimpima Bibi sukari, akakitazama kipimo, akampima tena. Kisha akafungua bandeji.

"Atupele, muulize Bibi kama anakunywa dawa zake."

Atupele akauliza. Bibi akasema anazinywa zote.

"Muulize kama anakunywa soda, au juisi, au kitu chochote kitamu," daktari alisema upesi akiwa ameinamia mguu, na Bibi hakuyadaka maneno.

Atupele akamgeukia Bibi, akamuuliza kwa Kinyakyusa, "Daktari anauliza kama unakula vizuri."

"Mwambie nakula vizuri sana," Bibi akajibu, akitabasamu. "Mwambie mjukuu wangu ananitunza."

"Amesema hapana," Atupele akamwambia daktari. "Hanywi."

Daktari akaweka kalamu chini. "Basi hapa nina tatizo. Kama chakula ni kizuri na dawa anakunywa, maana yake dawa hizi zimeshindwa. Itabidi tuanze sindano, na kwa umri wake zikizidi kidogo zinaweza kumwangusha. Na huu mguu..." Alikigusa kifundo. "Uozo unapanda. Sukari isiposhuka, tutaukata chini ya goti. Mweleze, tafadhali. Mweleze taratibu."

Bibi alikuwa akimtazama daktari, sasa akamtazama mjukuu wake. "Amesema nini?"

Atupele alifungua mdomo. Maneno ya Kinyakyusa alikuwa nayo, aliyajua tangu hajaenda shule. Hakuna hata moja lililotoka.

"Sema, mama," Bibi akamhimiza. "Wewe ndiye masikio yangu humu ndani. Amesema nini?"

Hapo Atupele akapiga magoti sakafuni, akauweka uso wake kwenye magoti ya Bibi, akasema kila kitu. Alianza kwa Kinyakyusa, kwa sababu mwenye mguu ndiye aliyestahili kusikia kwanza. Alimwambia habari za nesi, na vizibo, na nyimbo, na swali ambalo daktari aliuliza kweli. Alipomaliza akainua kichwa, akarudia kwa Kiswahili.

Bibi Tulia akamshika mjukuu wake kichwani. Kisha akajikaza, akaongea kwa Kiswahili chake mwenyewe, akikitafuta neno kwa neno. "Daktari. Ni mimi nakunywa. Mkono ni wangu, mdomo ni wangu. Mtoto hana makosa."

"Ninayo, Bibi!" Atupele alilia. "Usinikingie kifua!"

Daktari Charles alivuta kiti akakaa karibu nao. Hakufoka. "Sikiliza, binti. Tangu uliponiambia hapana, nilikuwa namtibu mtu mwingine kabisa, mtu ambaye hayupo hapa. Ningempa Bibi yako dawa kali kwa ugonjwa wa huyo mtu. Umechelewa kusema, na huko kuchelewa kuna gharama yake. Lakini umesema kabla sijashika sindano."

Bibi alilazwa siku hiyo hiyo. Soda zikakoma, sukari ikaanza kushuka. Kidole gumba hakikuwa cha kuokoa tena, wakakikata. Mguu ukabaki.

Jenifer alifika wodini na chupa ya uji, kitenge chake kina vumbi la barabara ya Kiwira. Atupele alianza kumweleza, naye akainua mkono kumzuia. "Nimeshaambiwa. Nyamaza kwanza nimlishe mama yangu." Akamlisha kijiko baada ya kijiko, bila kumtazama binti yake. Uji ulipokwisha, akamkabidhi Atupele kijiko na bakuli. "Kavioshe. Tutaongea nyumbani."

Bibi aliporuhusiwa kurudi nyumbani, kitu cha kwanza Jenifer alichomwambia binti yake kilikuwa hiki: "Akina mama wa kanisani wanakuja kesho. Mimi sitawaambia lolote. Utawaambia wewe."

Wakaja. Wengine walikuwa wamebeba Kito tena. Atupele alisimama mbele yao.

"Bibi hakusema anapenda soda," akaanza. "Ni mimi. Nilitaka vizibo nipate nyimbo. Soda zilikuwa zinamdhuru, na mimi nilikuwa najua."

Mama Lukasi alijishika kifua. "Yaani mimi... nikamfungulia kwa mkono wangu? Nikamwambia anywe apate damu?"

"Watoto wa siku hizi!" mwingine akaguna pale pembeni.

"Mwacheni," Bibi Tulia akasema kutoka kitandani. "Mnaona ni rahisi kusimama hapo aliposimama?"

Mama Lukasi alifuta macho kwa ncha ya kitenge. Mwishowe akauliza, na safari hii aliuliza kama mtu anayemuuliza mtu mzima. "Haya, tuambie ukweli. Tumletee nini?"

"Mboga za majani, mama. Na samaki kama wapo. Na mje tu, hata mikono mitupu. Anapenda mkimwimbia."

Jioni ya siku ile Tumpe alikuja kwao, hakusema maneno yake ya kejeli. Alikaa jikoni akachezea kijiti cha kuni.

"Shangazi anasema ile promosheni imekwisha," akasema. "Gari lilipita stendi Tukuyu likitangaza kuwa imefanikiwa sana. Nyimbo zimepakuliwa nyingi kuliko walivyotegemea."

Atupele alimgeukia mama yake, aliyekuwa anamenya ndizi za jioni. "Mama, ni kweli imefanikiwa?"

Jenifer aliendelea kumenya kidogo, kisha akaweka kisu chini.

"Kwao imefanikiwa. Walitaka soda zinunuliwe, zimenunuliwa. Wala hawakutudanganya. Walisema kunywa upate wimbo, na nyimbo umepata. Lakini mwenye soda anahesabu chupa, hamjui anayekunywa. Hawezi kujua kuwa huku Ikuti kuna bibi mwenye kidonda. Wewe ulimjua. Kila asubuhi ulimshika mguu ule. Ndiyo maana mimi siwalaumu wao kwanza, nakulaumu wewe, mwanangu, na ninajilaumu mimi niliyekuwa narudi jioni bila kuuliza."

Atupele aliinamisha kichwa. Tumpe pia.

Kidonda cha pale palipokatwa kilianza kufunga taratibu. Kabla likizo haijaisha, siku ya kliniki ikafika tena. Asubuhi ile mama hakupakia ndizi. Alivaa gauni lake la kutokea, akachukua mwavuli.

"Unakwenda wapi?" Bibi Tulia akamuuliza.

"Nakupeleka Igogwe, mama. Leo nitakuwa nawe mimi mwenyewe."

Bibi alikuwa ameshasimama, ameegemea fimbo. "Nenda Kiwira kwenye biashara yako. Mimi nitakwenda na Atupele."

"Mama! Baada ya yote haya?"

"Wewe unakijua Kiswahili cha hospitali," Bibi akasema. "Huyu anajua kitakachotokea akikipotosha. Mimi namchagua huyu."

Atupele alihisi machozi yanamjia, akayazuia. Jenifer alimtazama mama yake, akamtazama na binti yake, kisha akampa mwavuli. Akamfunga vizuri kanga mabegani, kama alivyokuwa akimfunga alipokuwa mdogo.

"Mtu akikupa maneno yake uyafikishe, amekupa na mwili wake uubebe," akamwambia. "Leo daktari atasema mambo. Mengine yatakufurahisha, mengine yatakuuma. Usichague. Mfikishie yote."

"Nitamfikishia yote, mama."

Akampa Bibi bega la kuegemea. Wakashuka taratibu kwenda barabarani.