Ziwa Jeupe la Zoya

Siku ya mnada Katesh haina adabu. Ng'ombe wanapita juu ya vitenge vya watu, na malori ya ngano ya serikali yanapiga honi utadhani barabara ni ya baba yao. Bura alikuwa katikati ya fujo hiyo, ovaroli imelowa grisi, mkanda wa kombaini ya kuvunia ngano begani, alipomwona mwanamke wa Kizungu akishuka kwenye basi. Alivaa gauni la maua ya bluu. Shingoni alining'iniza viatu vyeupe vyenye vyuma chini.

Mkanda ulimponyoka.

"Zoya?"

Mwanamke akageuka. Akapaza sauti kwa Kiswahili alichofundishwa na dada yake, daktari wa Kirusi aliyefanya kazi Arusha: "Shikamoo, Bura!"

Mnada ukaangua kicheko. "Itikia basi, mzee!" alidakia Hajira, muuza vitenge. "Umeamkiwa na mchumba!"

Bura aliitikia marahaba huku machozi yanamtoka. Alisomea ufundi wa matrekta Leningradi, na huko ndiko alikompenda Zoya, bingwa wa Urusi wa kuteleza kwenye barafu wawili wawili. Katika mchezo huo mwanamume humnyanyua mwanamke juu ya kichwa chake, na vyuma vya miguuni vinaendelea kuteleza.

"Ziwa lako liko wapi?" Zoya aliuliza kwa Kirusi, hata maji hajanywa. "Lile la barafu, lisilo na watazamaji."

Bura alinywea. Kule Leningradi, akisifia kwao, alikosa neno la Kirusi la magadi, akasema barafu. Akaliacha hivyo kwa sababu msichana alitabasamu. Wanaume!

Kesho yake walipanda lori hadi Balangdalalu, ziwani. Kiangazi kilikuwa kimekausha ziwa, likabaki jeupe hadi macho yanauma. Zoya alikimbia, akapiga magoti, akalamba kidole.

"Chumvi," alisema. "Bura, hii ni chumvi!"

"Ni magadi, mpenzi. Sikujua neno lake."

"Nimevuka dunia kwa neno usilolijua!"

Alimtupia kiatu kimoja, kisha akakaa chini na kulia. Arkadi, mwenzake wa kuteleza, alikuwa amemwangusha mbele ya watu, akaumia kichwa. Tangu hapo kila akinyanyuliwa mwili wake unakauka kwa hofu. Kocha alisema theluji ikianza kabla hajapona, Arkadi atapewa msichana mwingine. Zoya aliamini kwamba kwenye barafu tulivu, na mtu anayempenda, hofu ingemtoka.

"Na isipotoka?"

"Basi nimekwisha. Nitabaki hapa niwe mke wako, nikupikie ugali mbovu."

Yeye alilisema kama hukumu. Kwa Bura ndilo jambo alilokuwa akiliomba kila Jumapili kanisani.

Bura akampeleka kijijini Bashay kwa mama yake. Zoya alichota maji, akamwaga nusu, akacheka na majirani. Lakini akiwa peke yake alipaka vile vyuma mafuta, akivilowesha kwa machozi. Mama Bernadina aliona, akamwita mwanawe zizini.

"Huyu binti, umemwoa au umemfunga?"

"Mama, amekubali mwenyewe."

"Hata ng'ombe aliyevunjika mguu anakubali kukaa nyumbani."

Bura hakula siku hiyo. Kulipokucha alimrudisha Zoya ziwani.

"Panda juu, nikunyanyue."

"Ukiniangusha?"

"Magunia ya ngano nabeba kila msimu. Sijaangusha hata moja."

"Mimi si gunia!"

"Najua. Gunia halina maneno mengi."

Zoya alicheka, akapanda. Mwili ukakauka, akang'ang'ania masikio ya Bura hadi akashushwa. Wakarudia, wakarudia tena. Hatimaye aliachia masikio. Bura alijua fika kwamba mikono yake ikitetemeka kidogo tu, Zoya atakuwa wake milele, na hakuna atakayejua. Moyo ulimwambia atetemeke. Alizamisha visigino kwenye magadi, akakaza mikono.

"Bura! Siogopi! Nimeachia yote mawili!"

"Naona, mpenzi."

Bura alilia, kwa kuwa kutoka kule juu Zoya hakuweza kumwona uso. Juma lililofuata alimpandisha kwenye basi la Arusha, viatu shingoni.

Masika yalipokuja aliitwa posta ya Katesh. Simu ilikuwa inakwaruza.

"Bura? Nilipanda! Arkadi hakuniangusha. Tumeshinda!"

"Hongera, mama. Nilijua."

"Ziwa langu likoje?"

"Limejaa maji. Mvua zimenyesha."

"Na magadi?"

"Yako chini. Kiangazi yatarudi."

Bura akamsikia Zoya anavuta pumzi.

"Bura, mpenzi wangu, mimi si magadi."

"Najua," alisema Bura. "Vaa sweta."

Shumbana, karani wa posta, alimwambia laini imekatika, apishe wenzake. Bura hakusogea. Alikuwa ameshika mkonga wa simu kwa mikono yote miwili, akiogopa kuuangusha.